Macho ya Mwalimu

Niliwaambia wanafunzi wangu wanichore kwa mtindo wa Jamini Roy, mchoraji wa Bengali, wakanipa macho marefu kama samaki. Tultuli peke yake, mjukuu wa mfinyanzi wa sanamu za miungu, aliniacha bila macho.

"Wee bibi, macho yangu umeyala?"

"Siyachori, Mwalimu. Babu akishaichora sanamu macho, watu wanaipamba, wanaipigia ngoma, halafu wanakwenda kuitosa mtoni."

"Mimi si udongo, mwanangu. Chora."

Akachovya brashi.

Hapo nikamwona getini mama mkwe wangu mtarajiwa, anashuka kwenye teksi na bangili za harusi, amekuja kunipima mkono.

"Acha, usichore," nikamwambia Tultuli, nikaificha mikono yangu chini ya meza.