Wifi Anapotea

"Anapotea!" Profesa aliinua simu juu ili mafundi wenzake wauone ujumbe. "Jamani, njooni mcheke."

Ujumbe wenyewe ulikuwa mfupi: *Fundi, kompyuta yetu ya nyumbani ikizimwa na kuwashwa tena, wifi anapotea. Jana amenihangaisha mpaka jioni. Njoo leo tafadhali.*

"Amenihangaisha! Utadhani mtandao una miguu," alisema Profesa. "Inapotea, dada. Imenihangaisha. Darasa la pili hilo."

Alikuwa fundi hodari, hilo hakuna aliyembishia, ila alipenda kulisema mwenyewe kabla hajaulizwa. Hata jina la Profesa alijipa mwenyewe, akaliandika kwa rangi nyekundu juu ya mlango wa karakana, herufi kubwa kama za hospitali.

"Cheka tu," alisema fundi redio bila kuinua uso. "Kompyuta hiyo naijua. Imeshatushinda wawili. Unaiacha nzima kabisa, wakiizima na kuiwasha, mtandao hakuna."

"Imewashinda ninyi."

"Na ikikushinda wewe?"

"Nikirudi imenishinda, nalifuta jina langu pale mlangoni kwa mikono hii hii."

"Tumesikia," alisema fundi redio. "Rangi ya kufutia ninayo."

Mwenye nyumba alimfungulia mlango akiwa amekwisha kuvaa viatu vya kutokea.

"Ujumbe wangu umeusoma, kaka?"

"Nimeusoma, dada. Tena nimeusoma kwa sauti."

"Basi unajua. Nakimbia duka la dawa hapo kona, sichelewi. Wewe kagua tu, usiizime kabla sijarudi. Na mlango ufunge."

"Ondoa shaka. Umempata Profesa."

Alipoondoka, Profesa alicheka peke yake. Usiizime! Mtu anaugua jino, anamwambia daktari asimfumbue mdomo. Na mlango nao, joto lote lile, aufunge ili iweje? Akausukuma ukabaki wazi, upepo ukaingia.

Sebuleni, mbele ya kompyuta, alikuwa amekaa mwanamke mtu mzima, viatu miguuni, mkoba mapajani. Mama yake yule dada, bila shaka. Profesa alimtupia shikamoo ya nusu mdomo, na mama hakuitikia. Macho yake yalikuwa kwenye skrini. Ilionyesha stesheni ya treni ya nchi ya mbali, moja kwa moja kutoka huko huko: mvua juu ya reli, watu na miavuli, treni inaingia, treni inatoka.

"Yetu bado?" aliuliza mama.

"Bado, mama. Hebu sogea kidogo."

Hakusogea. Profesa akakivuta kiti na mama juu yake, kama mtu anayehamisha kabati, akapiga magoti mbele ya kibodi. Alipekua huku na huku. Kila kitu kilikuwa sawasawa, na hilo lilimuudhi. Ugonjwa unaokuja baada ya kuzima utauonaje bila kuzima? Hata mtoto angelijua hilo. Akaizima.

Skrini ikawa nyeusi. Nyuma ya Profesa mkoba ulifunguliwa, ukafungwa.

Akaiwasha. Kompyuta ikaamka vizuri, ila pale pembeni alama ya mtandao ilikuwa imepigwa msalaba mwekundu.

"Ahaa," alisema Profesa. "Umejitokeza, mwanaharamu."

"Yetu imeshapita?" aliuliza mama.

Profesa alikuwa ameingia ndani ya orodha ya mipangilio mpaka shingoni. Watu wasiojua kitu ndio wenye maswali mengi.

"Imeshapita, mama. Kimbia, labda utaiwahi."

Akaendelea kushuka, mstari baada ya mstari, mpaka akaliona tatizo. Programu inayoamsha kadi ya mtandao ilikuwa imepangwa isiamke mpaka iamshwe kwa mkono. Mtu mzima na akili zake alikuwa ameipanga hivyo! Kazi ya fundi redio, hapana shaka. Mtu aliyezoea kuzungusha vifundo vya redio. Profesa akaipanga iamke yenyewe. Akazima, akawasha: mtandao upo. Akazima tena, akawasha tena: upo. Mara ya tatu alifanya kwa raha tu, kama mtu anayeongeza sukari kwenye chai iliyokwisha kukolea. Akafungua ile stesheni, na treni ndefu ya buluu ikaingia polepole kwenye mvua.

Akaipiga picha skrini, akamtumia fundi redio. *Lete hiyo rangi. Nataka kuongeza neno Mkuu.*

Mwenye nyumba aliporudi, mfuko wa dawa mkononi, alimkuta Profesa bado anatabasamu na simu yake. Alisimama mlangoni. Skrini hakuitazama hata kidogo.

"Wifi yuko wapi?"

Profesa alivuta pumzi, kwa huruma ya mwalimu aliyechoshwa na darasa.

"Waifai, dada. Waifai, si wifi. Na si *yuko*, ni *iko*. Iko hapa, imejaa tele. Nimeizima na kuiwasha mara nne, na haipotei tena."

"Dada wa mume wangu," alisema yule mwanamke, macho yake kwenye kiti kitupu. "Umemwambia nini?"