Ubatizo wa Marudio

"Mchungaji, rudia tafadhali. Picha imetoka na ukungu."

Aliyetamka hayo mbele ya kanisa zima, bila haya hata chembe, alikuwa Baba Kidoti. Mchungaji alibaki mkono juu, maji yakimchuruzika hadi kwenye kiwiko.

Mama Kidoti alihisi damu ikimchemka. Mwaka mzima, kila jioni, alikuwa amemfundisha bintiye kwamba mtu hubatizwa mara moja tu, maisha yake yote.

"Baba Kidoti, hapa ni studio?"

"Usinune, mama. Gauni lote lile lisionekane?"

Kidoti mwenyewe, mtoto wa miaka saba aliyevikwa kama bibi harusi, alikwisha kujifuta maji ya ubatizo kwa kiganja. Akashika kiuno, akabinua midomo kuielekea simu.

"Hivi, baba?"

"Hapo hapo, malkia wangu!"

Hapo ndipo mama alipoinuka. Alitembea taratibu, kwa heshima zote za ibada, akampokonya mumewe simu.

"We! We, mama Kidoti!"

"Samahani, mchungaji," alisema, meno yamekazana. "Leo wanaobatizwa ni wawili."

Akaizamisha simu katika beseni la ubatizo, akaishikilia chini kwa mikono yote miwili.