Masale ya Mpakani

Nitegulie hiki, mjukuu wangu: hana miguu, ila kahamia kwa jirani na shamba lake mgongoni. Huna? Basi sikia.

Nakijwa aliyakuta masale ya mpakani, ile mimea iliyopandwa kutenga mashamba, yameingia shambani kwake hatua nzima.

“Mzee Mchome, umeyahamisha lini?”

Jirani huyo wa upande wa juu alichutama, akapapasa mashina. Udongo haukuchimbwa, na nyasi zilikuwa zimeshikana na mizizi.

“Usinizuge! Ardhi yangu unaimeza mchana kweupe!”

Mzee akapanda kidogo, akasimama kwenye ufa mpya uliokuwa ukinywa maji ya mvua. Kokoto zilianza kuporomoka. Akaitazama nyumba ya Nakijwa kule chini, mwanawe alikolala.

“Sijagusa hata sale moja, mama. Mlima wenyewe unateremka. Kambebe mtoto!”