Kabati la Vitabu Vipya

Mwalimu Mkuu alipoingia darasani na kusema kwamba wageni waliotoa vitabu wangefika kesho, na kwamba yeye mwenyewe anataka kuvitazama sasa hivi, Mwalimu Sikudhani aligeuka kulitazama kabati lililokuwa nyuma ya meza yake. Vitabu vile vilikuwa vya kukaa kabatini, ndani ya nailoni zake, visichafuke. Lakini tangu akabidhiwe ufunguo, alikuwa akiwagawia watoto wa darasa la tatu waende navyo nyumbani, wakivificha ndani ya masweta.

Aliingiza ufunguo kwenye kufuli, akauzungusha. Mlango ulipofunguka, rafu zilikuwa tupu. Zilibaki nailoni tu, zimekunjwa vizuri pembeni.

"Viko wapi?" Mwalimu Mkuu aliuliza kwa sauti ya chini, akiilaza fimbo yake mezani.

Sikudhani aligeuka kuwatazama watoto. Ndipo Mwanakombo, binti wa muuza samaki, akasimama na kutoa kitabu ndani ya sweta lake. Jalada lilikuwa na alama ya dole gumba lenye mafuta, na kurasa zilinuka moshi. Hakuomba radhi. Alikiweka mezani, akakifungua katikati, akaanza kumsomea Mwalimu Mkuu polepole, akiikwaruza sauti pale fisi anapobisha hodi, vilevile Sikudhani alivyozoea kuwasomea.

Alipofika mwisho wa ukurasa aliinua macho, akamtazama Mwalimu Mkuu.

Huku nyuma watoto wengine wakaanza kuingiza mikono ndani ya masweta yao.

Mwalimu Mkuu akanyoosha mkono kuelekea mezani. Fimbo yake ilikuwa imelala palepale, kando ya kitabu.