Kibao cha Wajane

Eda ilikuwa imekwisha asubuhi ile. Nje, fundi Shomari alikuwa anamalizia kuandika kibao kwa Kiingereza: Widow's Bread, yaani Mikate ya Mjane. Ndani, Chausiku, mke mdogo wa marehemu, alikuwa anafunga furushi lake arudi kwao.

Bi Mwanakombo, mke mkubwa, alikitazama kibao akaguna.

"Fundi, kitendawili."

"Tega."

"Mume mmoja kafa, vilio viwili vikasikika. Wajane wangapi?"

"Wawili, mama. Hicho mtaa mzima unakijua."

"Mbona kibao chako kina mmoja?"

"Si wewe uliyeniagiza!"

"Niliagiza kwa hasira. Kule ngumbaro, darasa la watu wazima, tumefundishwa: kialama hiki kikikaa kabla ya s, mikate ni ya mjane mmoja. Kikikaa baada yake, ni yetu sote. Hebu kifute."

Fundi akakifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Bi Mwanakombo akamnyang'anya brashi.

Chausiku akatoka, furushi kichwani. "Dada, kwaheri. Nisamehe niliyokukosea."

"Nikusamehe na unga umeshaumuka? Nani atanikandia, kwa vidole vyangu hivi vibovu? Shika brashi. Weka alama yetu hapa, baada ya s."

"Mimi sijui kuandika, dada."

"Nukta yenye mkia tu. Hata kuku ataiweza."

Chausiku akacheka, mara ya kwanza tangu mazishi. Akapanda kigoda, mkono mmoja umelishika furushi kichwani, wa pili ukiinuka taratibu na brashi yenye rangi.