Chipu Isiyosubiri Kuagwa

Kwa sheria ya siku hizo, gari halikuondoka nyumbani mpaka anayebaki alitamkie, "Nenda salama." Mama yake Anaeli hakuishia hapo. Aliinamisha kichwa akaombea matairi, breki, hata turbo, huku mwanawe akitazama saa.

"Chipu hizi mbili za kompyuta ya injini zote zinaongeza nguvu," fundi Mbwambo alimweleza alipopeleka gari gereji liongezwe mbio. "Ya ghali inasubiri uagwe. Hii rahisi haisubiri mtu."

Anaeli alicheka. "Nifungie hiyo hiyo. Sala za mama zinanimalizia asubuhi."

Gari likapata mbio za ajabu. Kila siku mama alitoka na kanga yake begani, akakuta vumbi tu getini.

Baada ya miezi mitatu, roho ilimsuta Anaeli. Alikanyaga breki getini, akamwita mama yake aje kumuaga. Mama alijibu kwa upole kutoka dirishani, "Wewe nenda tu, mwanangu. Si gari lako halinihitaji tena?"

Alitaka kushuka amwombe radhi, lakini alipolegeza mguu tu, gari likaondoka naye. Njiani alijaribu kujiombea mwenyewe, akagundua hajui sala ya mama huanzaje.