Mkaguzi wa Saa Nane

"Nyumba yangu haiumwi, sasa daktari wa nini?" Mama mkwe aliuliza kwa mara ya tatu, na kwa mara ya tatu mke wa mwanawe akamjibu kwamba hata mtu mzima hupimwa.

Walikuwa jikoni kwa mama mkwe, meza katikati yao. Mume alikaa pembeni akichezea funguo za nyumba ya kupanga, ambazo kesho yake angezirudisha kwa mwenyewe. Alikuwa mtoto wa pekee, bingwa wa kuamua mambo na kuwaachia wengine wayaishi. Tangu baba yake afariki, alikuwa ameapa kwamba mama yake hatabaki peke yake. Hivyo leo walikuwa wanahamia kwake; makochi yalikwisha fungwa kamba, na lori lingefika saa kumi. Watu sita, vyumba viwili. Mkewe alipomuuliza kama amemshauri mama, alisema mama haulizwi kama anataka wajukuu.

Mke alikuwa amebaki na tundu moja tu la kutokea. Mume alikubali kwamba mkaguzi wa nyumba akisema pale si salama kwa watoto, watabaki walipo. Alikubali akicheka, kwa kuwa nyumba aliyoijenga baba yake aliiamini kuliko benki.

Mke hakucheka. Dada yake aliingia ukweni kwa mwezi mmoja. Huu ni mwaka wa kumi na moja, na bado anaomba ruhusa ya kukaanga kitunguu.

"Huyo mtu anakagua nini hasa?" mama mkwe aliuliza.

Mke akamtajia bila huruma, kama alivyotajiwa kwenye simu: paa, mifereji ya mvua, nyufa za msingi, unyevu wa kuta, mabomba, umeme, milango na madirisha. "Na hatengenezi kitu, mama. Hafungui kilichofungwa, hawashi kilichozimwa. Anaandika anachokikuta."

"Rudia hapo."

Akarudia, taratibu. Mama mkwe alimsikiliza akiwa ameinamisha kichwa kama mtu anayetukanwa kwake mwenyewe. Kisha akawaambia waende wakamalizie kufunga vyombo, yeye ajilaze kidogo kabla mtu wao hajaja kumhesabia nyufa.

Waliporudi saa nane, mkaguzi alikuwa amekwisha egemeza ngazi ukutani. Mume akamwita fundi.

"Mkaguzi," akamsahihisha. "Fundi hutengeneza. Mimi naangalia tu."

Alianzia juu. Paa zima. Mifereji mizima. Akazunguka nje akichutama kwenye kila pembe, akagonga hapa, akachokonoa pale. Msingi imara. Mume alimtupia mkewe jicho la nilikwambia. Mke alikaza macho kwenye ubao wa mkaguzi, na kila neno "zima" lililoandikwa lilimpigia msumari mmoja zaidi. Alikwisha anza kuiona kesho yake: viatu vyake mlangoni na sauti ya mama mkwe ikiuliza anakwenda wapi na atarudi saa ngapi.

Kisha wakaingia ndani.

Katika chumba ambacho watoto wangelala, mkaguzi aligusisha kifaa chake ukutani, kikalia. Akakisogeza, kikalia tena. Ukuta ulikuwa umelowa sehemu pana kama godoro.

"Ukuta huo kaujenga marehemu," mama mkwe alisema. "Haujawahi kulowa hata siku moja." Akajipangusa mikono kwenye aproni, akatoka mbio kuwatangulia jikoni.

Soketi za chumba hicho hazikuwa na umeme. Mkaguzi akaandika. Kwenye korido akazunguka stuli iliyokuwa imesimama chini ya sanduku la swichi, akaangalia juu, akaandika tena. Jikoni akafungulia bomba. Likakohoa, likatoa matone matatu, likanyamaza.

"Asubuhi yalitoka," mama mkwe akasema kwa sauti ndogo.

Mume aliisoma ripoti akiwa amesimama. Aliisoma mara mbili, yeye ambaye hajui hata kubadilisha balbu, na funguo zikaacha kulia mkononi mwake. Alisema watoto hawawezi kulala kwenye ukuta wa maji, gizani, bila hata tone la kunawa uso. Pale pale akampigia mwenye lori asije. Akarudisha funguo mfukoni.

Mama mkwe alifuta macho kwa pindo la aproni. "Basi nitabaki peke yangu," alisema. "Nishazoea."

Mke aliupata ushindi wake, na ukamkaa kooni kama mfupa. Ni yeye aliyemleta yule mtu na ubao wake. Alimkumbatia mama mkwe bila kumtazama usoni, akakimbilia garini. Mume alikwisha washa injini ndipo mkewe alipokumbuka kwamba pochi yake imebaki juu ya meza ya jikoni.

Akashuka, akarudi peke yake. Mlango haukuwa umefungwa. Kabla hajafika jikoni alisikia maji yakibubujika kwa nguvu zote.

Mama mkwe alikuwa amepiga magoti chini ya sinki, spana mkononi, akiimba. Kando yake kulikuwa na ndoo na sponji kubwa la kuoshea gari. Aliinua kichwa. Wakatazamana.

"Ukuta utakauka wenyewe," mama mkwe alisema. "Ila ile swichi ya chumba cha watoto iko juu, na magoti yangu kwa leo yametosha kupanda stuli."

Mke alitazama nyuma, kule gari liliko. Akaurudishia mlango taratibu, akaenda koridoni, akapanda.